Pikapu Yangu na Mji wa Tambarare

Shida ilinianza mwaka 2021, nikiwa na miaka sitini na nne. Kabla ya hapo nimelala njaa, nimezika watoto wawili, nimebeba ndizi kichwani kutoka bondeni hadi sokoni Ngara mpaka nywele za utosini zikaisha. Hayo sikuyaita shida. Kila mtu wa rika langu kwetu anayo. Shida ni pale mke wangu alipoanza kutoka damu, mwanamke ambaye mambo ya kila mwezi yalikuwa yamekoma zaidi ya miaka kumi. Alinificha miezi mitatu. Siku aliyosema tulikuwa uani tunapukuchua maharage, naye hakuinua macho.

"Baba, mimi naoza ndani."

Nilimwambia aache upuuzi. Ndivyo nilivyomjibu, na siwezi kulifuta.

Alipimwa huku huku kwetu, tukaandikiwa barua ya kwenda Dar es Salaam kwenye mionzi. Daktari alikuwa na umri wa mwanangu wa mwisho, lakini aliongea kama mtu mzima. "Siku ishirini na tano, Jumatatu mpaka Ijumaa. Mzee, hapa hakuna kuruka. Ukiruka, ugonjwa nao unapata likizo."

Nikamwambia mimi sijaruka siku ya kazi tangu nizaliwe.

Mwanangu wa kwanza alitaka tupande basi. Kule mjini yupo mpwa wangu, mtoto wa dada, amepanga nyumba Mbagala, angetupokea. Nilikataa. Nilikuwa na pikapu yangu. Mtu aliyeishia darasa la tatu, aliyeanza na kichwa, akaja baiskeli, akaja pikapu, huyo huwezi kumwambia apakie mke wake mgonjwa kwenye basi la watu kama gunia la mkaa. Nilisema hivyo hivyo mbele ya watoto wote.

Pikapu yenyewe lazima niieleze, maana bila hivyo hutaelewa yaliyofuata. Niliinunua kwa mkulima mmoja wa Nyamigogo, wilaya ya Biharamulo. Tuliuziana kama watu wa kwetu tunavyouziana shamba au ng'ombe: mashahidi wanne, mtungi wa pombe ya ndizi katikati, hela mezani, mkono kwa mkono, tukanywa mpaka mtungi ukalia. Kadi ya gari alinipa, ina jina lake. Nikaiweka kwenye sanduku chini ya kitanda. Kwenda kubadilisha jina sikufikiria hata siku moja. Kwetu karatasi haikuwepo wakati mnauziana, mashahidi walikuwepo.

Jambo la pili ni stata. Ilikufa mwaka wa pili baada ya kuinunua, na sikuitengeneza. Ngara mjini iko juu ya mlima. Stendi ina mteremko, soko lina mteremko, ofisi za wilaya zina mteremko, hata kanisani ukitoka unashuka. Unaegesha pua ikiangalia chini, unaweka jiwe mbele ya gurudumu. Ukitaka kuondoka unatoa jiwe, unaachia breki, gari linaserereka, unatia gia ya pili, unaachia klachi, injini inashika. Miaka saba niliishi hivyo. Stata ya nini?

Njiani tulikaa siku mbili. Kila nilipotaka kusimama nilitafuta mteremko kwanza, haja baadaye, na mke wangu alijibana bila kulalamika. Singida tulikula huku injini inanguruma. Dodoma nilizima bila kufikiri, kwenye uwanja uliolala kama meza. Wapakia mizigo watatu wakaja kutusukuma, na mmoja wao, jasho likimtoka, akauliza, "Mzee, hii gari au toroli?" Mke wangu akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu zile siku za maharage.

Sasa Dar es Salaam. Sikuwa nimewahi kufika. Watu walinisimulia bahari, walinisimulia maghorofa na joto. Hakuna aliyeniambia kwamba mji ule ni tambarare. Unaendesha, unaendesha, hakuna pa kushukia.

Pale Mbagala majirani wa mpwa wangu walinisukuma kila asubuhi kwenye mchanga wa uchochoro, mpaka wakanipa jina, Mzee Sukuma, ingawa mimi ni Mhangaza. Kutoka pale hadi hospitali ni mbali, na mke wangu hakuweza kukaa kitako. Alilala ubavu kwenye kiti cha mbele, miguu ameikunja, mto chini ya nyonga. Kwa hiyo gari lilikuwa na kazi yake, nisije nikaonekana nililipeleka kwa maringo tu. Kazi ilikuwepo. Na maringo yalikuwepo.

Siku ya kwanza mlinzi wa geti aliniambia, "Shusha mgonjwa, toa gari."

"Nilipeleke wapi?"

"Mzee, mji mzima huu."

Nikazunguka. Barabara zilizo karibu na hospitali zote zina watu wa maegesho, wamevaa vizibao, wana kimashine mkononi. Mmoja, binti mwenye adabu, aliniamkia shikamoo huku anapiga picha namba yangu ya gari.

"Marahaba. Unanipiga picha ya nini?"

"Nimekuingiza kwenye mfumo, baba."

"Mimi nimeingia hapa kumsubiri mgonjwa. Mfumo wako sijauingia."

Alicheka, akaniambia nitalipa kwa simu, na nisipolipa deni linakaa kwenye gari mpaka lizae. Nililipa. Lakini siku ishirini na tano za namna hiyo zingemaliza nauli ya kurudi na chakula. Tena pale barabarani nikizima gari, nani wa kunisukuma? Wenye suti?

Siku ya pili na ya tatu niliegesha kwenye uwanja wa kanisa. Nilimweleza mlinzi kwamba mimi ni Mkatoliki wa Ngara, nina mgonjwa, akafungua geti bila kuuliza zaidi. Bure kabisa. Ila uwanja ulikuwa bapa na mlinzi alikuwa mzee kuliko mimi. Siku zile mbili tulisukumana mimi na yeye mpaka akashika kiuno akakaa chini. Nikaona nitamuua mtu wa watu.

Siku ya nne, nikitembea kwa miguu, ndipo nikaupata mteremko. Kulikuwa na njia fupi ya vumbi nyuma ya majengo, inashuka kuelekea ufukweni. Mtu wa Rulenge, kule milimani kwetu, angeiona angesema ni tambarare, lakini mimi nililaza chupa ya maji pale chini nikaiachia, ikabiringika. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Juu ya njia ile alikaa mama mmoja anauza chai na mihogo ya kukaanga, ana meza na turubai.

"Mama, naomba kuegesha hapa."

"Egesha tu, baba. Wenye wagonjwa wanaegesha hapa, watu wa vizibao hawasumbui."

Kesho yake nikamletea mkungu wa ndizi na sado ya maharage, vitu tulivyotoka navyo nyumbani. Alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Kwangu mimi mambo yakawa yameisha. Kwetu ukiacha baiskeli yako kwenye mji wa mtu na amepokea zawadi yako, baiskeli ile ni mboni ya jicho lake. Ikipotea, ukoo wake mzima unakaa kikao. Basi nikawa nashusha mgonjwa getini, naegesha mteremkoni, naweka jiwe, narudi kwa miguu. Siku kumi zilipita hivyo. Nikajiona mjanja. Usiku nilikuwa namwambia mpwa wangu kwamba amekaa mji ule miaka kumi na miwili na hajui pa kuegesha bure, mimi nimejua ndani ya wiki.

Na kweli nilijua mengi. Anayekwenda mji ule na gari lake nitampa bila kuficha. Fika kabla ya saa moja asubuhi. Jumapili wenye vizibao hawapo mitaa mingi. Usimuulize mwenye gari mwenzako, atakudanganya ili akuchukulie nafasi. Muulize anayekaa pale kutwa nzima, muuza chai, fundi viatu. Angalia chini, ukiona vioo vilivyovunjika, pita. Lakini muulize pia ardhi ile ni ya nani. Hilo sikuliuliza.

Jumatano ya wiki ya tatu tulitoka kwenye mionzi, mke wangu ameegemea bega langu, tukafika mteremkoni. Gari halikuwepo. Jiwe lilikuwepo.

"Gari yangu iko wapi?" nikamuuliza mama wa chai.

"Imebebwa, baba. Breki dauni imekuja, wamesafisha njia yote. Kuna kibao wameweka tangu jana, pale."

Kibao nilikiona asubuhi. Kilikuwa na herufi moja, imekatwa kwa mstari mwekundu. Herufi yenyewe naijua. Sikujua inanihusu.

"Si nilikuachia wewe?"

"Uliniachia mimi?"

"Umekula ndizi zangu!"

"Baba yangu, ndizi nimekula na asante nimetoa. Barabara ni yangu? Angalia meza yangu, wameivunja mguu. Mimi mwenyewe nauza chai kandambili ziko mkononi."

Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kiswahili, Kiswahili kikaniishia, nikaendelea kwa Kihangaza. Alikuwa anaokota vikombe. Mke wangu akanivuta mkono wa shati, akaniambia kwa lugha yetu, "Mwache, naye ameumizwa."

Siku ile tukapanda bajaji mpaka Mbagala. Kila tuta alitoa sauti, sauti ndogo kama ya mbuzi anayezaa. Dereva alikuwa anageuka kuangalia. Tulipofika kitenge chake kilikuwa kimelowa damu.

Ndiyo maana kesho yake, Alhamisi, nilimwambia nilichomwambia. Zamu yake ilikuwa saa saba mchana. Nikamwambia, "Usipande kitu chochote. Nitakuja na gari kabla ya zamu yako."

Mpwa wangu alikuwa anajiandaa kwenda kazini. "Mjomba, bajaji hapana, nimeelewa. Lakini nitamkodia teksi. Atalala kiti cha nyuma, anyooshe miguu. Mke wangu atamsindikiza."

"Teksi ya nani?"

"Ya kukodi, mjomba. Nalipa mimi."

"Huyu amekuja na gari lake, atakwenda na gari lake."

"Mjomba, muda..."

"Nimesema."

Akavaa viatu. Kwetu mjomba akisema hivyo, mpwa hana neno. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni ameshavaa. Alitazama chini. Hakusema kitu, na mimi nilichukulia kwamba amekubali.

Magari yaliyobebwa wanayaweka kwenye uwanja wenye ukuta, mchanga mtupu, jua kali. Nilifika ofisi haijafunguliwa. Ilipofunguliwa nikapanga foleni. Bwana wa dirishani akauliza kadi.

"Iko nyumbani, sandukuni."

"Nyumbani wapi?"

"Ngara."

"Ngara ndiyo wapi? Burundi?"

Watu wa foleni wakacheka. Nikamwambia Ngara ni Tanzania kabla babu yake hajajua kuvaa viatu. Akacheka na yeye, hakukasirika, na hiyo iliniuma zaidi. "Basi mzee, piga simu huko Tanzania yako watume picha ya kadi."

Mwanangu akatuma. Bwana yule akaikuza picha kwa vidole viwili. "Hili jina si lako."

"Ni la aliyeniuzia."

"Yeye yuko wapi?"

"Alishakufa."

"Sasa mzee, unataka nikupe gari la marehemu?"

Nikamwambia kuna mashahidi wanne. Akauliza wako wapi. Nikamwambia wawili wako hai, wako Nyamigogo. Akasema anataka barua ya mjane, imegongwa muhuri na mwenyekiti wa kijiji. Nikaangalia saa ya ukutani. Saa nne na nusu.

Hapo ndipo ningeinuka. Nawaandikia wanangu jambo hili waziwazi: hapo nilikuwa na muda. Ningepiga simu Mbagala, ningesema mchukueni kwa teksi, angefika. Simu nilikuwa nayo mkononi. Nilipiga, ndiyo, nikampata mke wa mpwa wangu, nikamwambia, "Mwambie asubiri, nimekaribia." Sikuwa nimekaribia chochote.

Mwanangu alitoka Ngara kwa bodaboda na basi hadi Nyamigogo. Mjane alikuwa shambani. Mwenyekiti alikuwa msibani. Alhamisi ikaisha. Nikarudi Mbagala kwa miguu na mabasi, nikamkuta mke wangu amekaa kwenye benchi la barazani, kitenge kilekile cha kutokea, mkoba mapajani, kadi ya hospitali mkononi. Alikuwa amekaa hivyo tangu saa tano.

Mpwa wangu hakunisalimu.

Ijumaa nikafanya vilevile. Sijui nikuelezeje. Mtu anaweza kuona shimo, akaanguka, akatoka, kesho akalifuata tena. Nilimwambia barua inakuja saa mbili, saa nne niko hapa. Teksi ikatajwa tena, nikatikisa kichwa tu. Kama ningekubali Ijumaa, ningekuwa nimekiri kwamba Alhamisi nilikosea.

Picha ya barua ilikuja kwenye simu saa tano. Saa sita na nusu nimelipa, nimegongewa karatasi, nimepewa kibali cha kutokea getini. Nikaingia garini. Nikakumbuka.

Uwanja wa mchanga, tambarare, gari limezama nusu tairi. Vijana wa pale wakasema wao kazi yao ni kuleta magari, siyo kuyatoa. Nilikwenda barabarani nikawaomba wauza madafu wawili, watu wazima wenye baiskeli zao. Tukasukuma. Mchanga ukala magurudumu. Tukaweka mbao. Tukasukuma tena. Mmoja akaniuliza, "Baba, stata imekufa lini?" Nikamwambia miaka saba. Akasimama kabisa, akaniangalia. "Na umekuja nayo Dar?"

Injini ilishika saa tisa. Mashine ya mionzi wanaifunga saa kumi, na foleni ya magari ya Ijumaa wenye mji wanaijua. Nilifika Mbagala saa kumi na moja na robo. Alikuwa benchini. Niliposimamisha gari bila kulizima, aliinuka, akashika nguzo, akauliza, "Wamefunga?"

Nikasema wamefunga.

"Haya," akasema, akaingia ndani kuvua kitenge.

Jumamosi na Jumapili hakuna mionzi. Ukijumlisha, siku nne mwili wake haukupigwa. Jumatatu tulikwenda kwa teksi, mpwa wangu aliiita bila kuniuliza. Muuguzi alifungua daftari akakunja uso.

"Mama, Alhamisi na Ijumaa ulikuwa wapi?"

Nilikuwa nimesimama karibu yake, kofia mkononi. Nilifungua mdomo. Mke wangu alinitangulia.

"Nilikuwa naharisha, binti yangu."

"Ungekuja hivyohivyo! Mmeambiwa msiruke. Huu ugonjwa hausubiri tumbo."

"Nisamehe."

Alifokewa pale mbele ya wagonjwa wengine kama mtoto wa shule, akawa anaitikia ndiyo, ndiyo. Mimi nilifunga mdomo. Wakamwongezea siku mbili mwishoni, akamaliza zote. Pikapu nilimwachia fundi wa Mbagala aweke stata, na tuliporudi Ngara niliiwasha kwa ufunguo kila tulipolala, na sikufurahi hata mara moja.

Alikaa vizuri mwaka mmoja na kidogo. Alilima. Alicheza kwenye harusi ya mjukuu. Halafu ikarudi, na mara hii daktari wa huku hakuandika barua ya kwenda popote. Nilimuuliza, tukiwa wawili, kama ni zile siku nne. Akasema wako waliomaliza bila kuruka hata moja na ikarudi, na wako walioruka wakapona, hakuna anayeweza kusema. Nilimwomba aseme. Akasema, "Mzee, sijui." Alifariki mwaka 2023, mchana, mikono yake iko kwangu.

Wanangu wote wanaamini mama yao aliharisha. Alishikilia neno lile mpaka mwisho. Hata dada zake aliwaambia hivyo. Mpwa wangu anajua na hakuwahi kulisema, ila tangu pale haniiti mjomba, ananiita mzee. Leo wanangu nao wamejua. Wakitaka kunikasirikia nipo, mlango hauna komeo mchana.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Shamba la migomba, ekari mbili na nusu. Kahawa, miche mia tatu na arobaini. Nyumba ya matofali, vyumba vinne, bati. Jiko la nje. Ng'ombe watatu, mmoja ana mimba. Mbuzi kumi na mmoja. Kaburi la mke wangu, nimelijengea kwa saruji na uzio wa miti. Baiskeli moja. Simu moja. Viti sita na meza. Pikapu niliiuza Biharamulo. Jina la kwenye kadi tulibadilisha ofisini, mimi na mnunuzi. Deni la mtu sina. Gari sina.